Taa ya Tatu

Kwanza ilikuwa sauti ya kijiko cha bati kikikwangua majivu ndani ya mbabula, jiko la makaa. Kwaru, kwaru. Kimya. Kisha kwaru tena. Inspecteur Casimir Kilufya alifungua macho gizani. Nje, nyuma ya ukuta wa nyumba yao ya Kikula, mke wake Rosalie alikuwa akiwasha makala, na baridi ya mwezi wa saba iliingia chini ya mlango pamoja na harufu ya majani yanayoungua vilimani.

Alivaa koti juu ya pijama, akawasha taa. Daftari lilikuwa mezani pale alipoliacha usiku. Jalada la kijani, na juu yake maandishi ya kalamu: Home Mukuba, nyumba ya wanafunzi wa ufundi, kengele za moto. Kengele kumi na tisa tangu mwanzo wa mwezi wa tano. Moto, hakuna. Moshi, hakuna. Kila mara wanafunzi mia moja na ishirini walitoka na mablanketi yao, wakahesabiwa uani, wakarudi ndani. Mara ya mwisho mmoja alianguka kwenye ngazi, akavunjika mguu.

Na tangu wanafunzi wa Kinshasa walipoandamana mwezi uliopita wakaingizwa jeshini kwa nguvu, fujo haikuwa tena jambo la kuadhibiwa kwa fagio na chakula kikavu. Leo Ijumaa, saa tisa mchana, lori ya jeshi ingepita Home Mukuba kumchukua mwanafunzi mmoja aitwaye Placide Tshibanda. Muda wake kambini hakuna aliyeutaja. Casimir alikuwa na muda mpaka saa hiyo kuleta jina lingine.

Rosalie aliingia na birika.

"Baba Suzanne, haulale?"

"Kelele yako njo iliniamusha."

"Yangu? Uambie Mathieu." Mathieu alikuwa mdogo wake Casimir, analala chumba cha nyuma, anafanya kazi kiwandani kwa zamu tatu ambazo kila mtu mjini anaziita poste. "Anaingia saa kumi na mbili, anataka chai. Akitoka saa nane, bukari ikuwe moto. Juma ilipita alikuwa poste ya usiku, nilipika mu alfajiri sawa mwizi. Juma inakuya nitapika usiku. Minye niliolewa na polisi, lakini kampuni njo inaniamushaka."

Casimir alicheka kidogo, akanywa chai, akatia daftari kwapani.

*

Ofisini kwa directeur Georges Mumba kulikuwa na ubao wa chuma wenye taa nne nyekundu. Directeur, mtu mwembamba mwenye beji ya chama kifuani, aliigonga ya tatu kwa ukucha.

"Kila mara ni hii. Haijawahi kuwa nyingine. Bawa la mashariki. Na nani analala bawa la mashariki, chumba makumi mbili na ine, chini kabisa ya kifaa cha kengele? Tshibanda. Fundi wa umeme."

Casimir aliinama. Chini ya taa palikuwa na karatasi ya zamani, imefifia, mwandiko wa Wabelgiji waliojenga nyumba hii kwa ajili ya mainjinia wao wasio na wake. Alisoma: namba tatu, vyumba 21 mpaka 28, na chumba cha chini.

"Mulete kijana," alisema.

Placide aliletwa na pingu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Casimir aliweka mezani saa ndogo ya kengele iliyotolewa ndani ya sanduku lake. Nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi, zilikuwa zimechomelewa mgongoni mwake.

"Hii ni nini?"

"Saa, chef."

"Saa iko na nyaya?"

"Nilifungaka na radio. Saa ikilia, radio inajiwasha. Niko na examen, ninaamukaka mapema."

"Nyaya hizi zinaweza kuwasha kengele ya moto?"

Kijana alifikiri. "Zinaweza. Lakini sikufunga."

"Unasikia?" directeur alisema. "Mwenyewe anasema zinaweza."

"Monsieur le Directeur, ni weye ulitufundisha kama fundi haseme uongo juu ya umeme."

Casimir alifungua daftari. "Tarehe makumi tatu, mwezi wa sita. Sikukuu. Ulikuwa wapi?"

"Mu stade, chef. Nilipiga ngoma mukubwa mu fanfare, bendi ya shule. Shiye bote tulitoka saa moja ya asubui, tulirudia saa tano ya usiku. Monsieur le Directeur alikuwa mbele yetu."

"Na kengele ililia saa tatu usiku, nyumba iko tupu," directeur alisema upesi. "Ndiyo sababu alihitaji saa. Aliitega asubuhi, akaenda kupiga ngoma."

Casimir aliishika saa, akazungusha kisukuma cha nyuma mpaka mshale mdogo ukakaa kwenye saa tatu. Kisha akasogeza mikono ya saa polepole. Ilipofika tatu, ililia. Aliendelea kusogeza, mzunguko mzima. Ilipofika tatu tena, ililia tena.

"Saa hii inajua saa kumi na mbili tu," alisema. "Haijui asubuhi wala usiku. Kama aliitega kabla ya saa moja, ingelia kwanza saa tatu ya asubuhi. Nani alilinda nyumba siku ile?"

"Concierge. Muzee Lambert."

"Na Muzee Lambert ameandika kengele moja. Ya usiku."

Directeur alishika beji yake kama mtu anayepapasa kifungo kilicholegea. "Basi ana mwenzake. Inspecteur, mimi wameniambia jina. Jina moja, kabla ya saa tisa. Kama huna lingine, ninalo hili."

Placide alikuwa akiitazama saa yake mezani, mikono ikikimbia mbele ya wakati.

*

Muzee Lambert, concierge, alikuwa na ufunguo wa kila mlango na mguu mmoja mzito. Alitangulia ngazini. Vyumba vinane, kimoja kimoja, Casimir alipanda kwenye kiti kutazama kifaa cha kengele cha darini, kikubwa kama kisosi. Katika chumba cha Placide buibui alikuwa amekishona kwa dari, na uzi haukukatika popote. Vingine vilikuwa vivyo hivyo. Hakuna mkono uliovigusa tangu mwaka jana.

"Nane," Casimir alisema. "Karatasi ya ofisini inasema kuna cha tisa. Chini."

"Kule ni buanderie tu, chef, chumba ya kufulia. Mashuka."

"Tuone mashuka."

Funguo ziligongana mkononi mwa mzee muda mrefu kuliko milango yote iliyotangulia. Mlango wa buanderie ulikuwa na kofuli kwa nje. Ndani dari ilikuwa fupi, ukiinua mkono unaigusa. Kamba za kuanikia, pasi mbili za makala, meza, dirisha dogo linalotazama barabara kuu. Casimir aliinua macho. Kifaa cha tisa hakikuwa na buibui. Rangi nyeupe kukizunguka ilikuwa imekuwa ya manjano, kama ukucha wa mvutaji. Chini yake kabisa, kwenye saruji, palikuwa na alama tatu nyeusi za miguu ya mbabula.

Juu ya rafu palikuwa na sahani tatu zimeinamishwa: ndogo, ya kawaida, na kubwa yenye ukingo wa buluu.

"Siku kengele inalia, watu wa zimamoto waliingia humu?"

"Banakuta kofuli, chef. Banapita."

"Nani anafunga?"

"Mama wa kufula. Émérence. Akikimbia anafunga, juu shuka ikipotea ni yeye njo analipa."

"Analala wapi?"

"Kikula," Lambert alisema, akitazama ndoo.

Mama mwenyewe alikuwa uani, mikono ndani ya povu mpaka kiwiko, mwanamke wa miaka kama ishirini na sita. Msichana wa miaka sita aliyevaa sweta ya mtu mzima alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichora herufi kwenye vumbi kwa kijiti, akikohoa. Mbabula ilikuwa karibu nao, baridi.

"Wako, mama?" Casimir aliuliza.

"Wangu, chef. Julie, salimia."

"Unaandika nini, Julie?"

"Jina yangu. Placide njo ananifundishaka."

"Hizi kengele zinawasumbua?"

Émérence alipiga ulimi. "Banafunzi bale, chef, habana huruma! Mutoto anakohoa, njo kwanza analala, kengele: ngrrr! Minye namubeba, nafunga, nakimbia. Siku moja moyo itanitoka."

"Mpaka usiku unakuwa hapa?"

Mikono ilisimama ndani ya povu. "Kazi ikiwa mingi," alisema.

*

Casimir alikaa kwenye ngazi za nyuma, daftari magotini. Saa nne na nusu. Mtu anapika chini ya kifaa kile, hilo lilikuwa wazi. Lakini mtu mwenye njaa hupika mchana na jioni. Daftari halikusema hivyo. Alichukua kalamu, akaandika juma kwa juma, pembeni.

Juma hili: Jumatatu saa saba mchana. Jumatano saa saba na dakika kumi mchana. Juma lililopita: mara mbili, zote saa kumi na moja alfajiri. Juma la sikukuu: saa tatu usiku, saa tatu usiku tena. Juma la nyuma yake: saa saba mchana. Kisha alfajiri. Kisha usiku.

Alirudi nyuma mpaka mwezi wa tano, kisha akasoma kuja mbele. Duara lilikuwa halikatiki hata mahali pamoja. Mchana, usiku, alfajiri. Mchana, usiku, alfajiri. Mwanafunzi haishi hivyo. Hakuna shule inayolisha mtu hivyo.

Alisikia tena kijiko cha Rosalie kikikwangua. Akitoka saa nane, bukari ikuwe moto. Juma ilipita mu alfajiri. Juma inakuya usiku.

Saa nane mchana, saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi: mwisho wa kila poste. Na kengele, kila mara, ni saa moja kabla. Kalamu ilipiga mstari mmoja chini ya yote.

Alimkuta Lambert kwenye kibanda chake, mlango mkuu.

"Muzee, ni mwanaume gani wa kiwandani unamuficha humu ndani?"

Mzee alikaa. "Hakuna mwanaume, chef."

"Kuna mwanamke anayepika kwa poste. Kila juma anageuza saa. Hafanyi hivyo kwa ajili ya mtoto. Mwanaume anashuka kwenye lori ya wafanyakazi, anaingia kwa nyuma, anakula, analala. Unipe jina. Placide anaondoka saa tisa."

"Hakuna mwanaume," Lambert alirudia, na sauti yake ikawa ndogo. "Njo maneno yenyewe, chef. Hakuna."

Casimir alivuta kiti.

"Bwana yake ni Philippe. Alikuwa ku four, ku tanuru ya kiwanda, équipe moja na bantu ba mutaa hii. Mwezi wa kumi na moja alitoka poste ya asubui. Pale barabarani, mbele ya lori, jeep bila plaque ya namba. Bantu bawili. Bamusema, kuya kidogo. Équipe yote iliona. Hakuna muntu mwenye iliona." Mzee alifuta uso kwa kofia. "Kisha siku kumi kampuni ikaandika: ameacha kazi. Muntu ameacha kazi, nyumba ya camp inarudia kwa kampuni. Bakamutosha mama na vyombo, mvua inanyesha. Hakuna karatasi ya kufwa, hakuna kilio, hakuna kitu. Philippe alinipatiaka damu ku hôpital, mwaka ile mguu yangu ilivunjika. Nifanye namna gani? Nikamupa buanderie."

"Na chakula?"

"Aliambia équipe ya bwana yake: mukimuona, mumuambie tuko home, dirisha inatazama barabara. Njo anapika saa équipe inashuka. Asema, siku bakimuachilia, atapanda lori ya benzake. Atashuka na njaa."

Nje mwanafunzi mmoja alipita akipiga mluzi, akanyamaza alipoona inspecteur.

"Anajua kengele ni yeye?"

"Chef, ajue wapi! Yeye njo analaaniaka banafunzi kupita bote."

*

Saa saba kasoro, Casimir alimweka directeur mbele ya ubao na Placide kando yake, pingu bado mkononi. "Mutazame taa," aliwaambia. "Msiondoke hata ikitokea nini." Kisha alishuka buanderie.

Émérence alikuwa uani akipepea mbabula kwa kipande cha karatoni. Moshi wa kwanza ulikuwa mzito. Alipepea mpaka ukawa mwembamba, mpaka ukaisha, mpaka makala yote yakawa mekundu kama nyanya. Hapo ndipo aliinua mbabula kwa vitambaa viwili, akageuka kuingia, akamkuta Casimir mlangoni.

"Uingie, mama. Usinione."

"Chef, minye siyo mupumbafu. Yenye moshi siingizaka hata siku moja. Ona. Iko safi."

"Naona."

Aliiweka chini mahali pake, kwenye zile alama tatu. Julie alikohoa, na mama yake akafunga dirisha bila kufikiri. Casimir alitia hilo kichwani pia: ndiyo sababu kengele hailii kila siku, na ndiyo sababu ilianza tu baridi ilipoingia, mwezi wa tano. Sufuria ya maji ilipanda juu. Walisubiri. Julie alipanga sahani tatu mezani, ya buluu mwisho, mahali pa tata, baba yake.

Kengele ilipiga.

Émérence alikuwa amekwisha kumbeba mtoto. Casimir alinyoosha mkono mbele ya mlango. "Kaa. Leo hakuna mwenye kukimbia." Alishika mbabula kwa vitambaa, akaitoa uani na sufuria yake, akafungua dirisha, akapanda juu ya meza akapepea kile kisosi kwa jalada la kijani la daftari. Baada ya muda kelele ilikatika. Masikio yao yaliendelea kulia.

Mama aliinua macho darini. Alitazama rangi ya manjano, akatazama saruji, akatazama tena juu.

"Lakini hakukuwa moshi," alisema.

"Hakijui moshi, mama. Ndani yake kuna kipande cha chuma. Kikishika joto kinapinda, kinagusa kingine, kengele inalia."

Alikaa juu ya rundo la mashuka. "Yule mwenye kuvunjika muguu?"

"Ndiyo."

"Na Placide? Nilisikia bamemufunga. Placide mwenye kufundisha Julie?"

"Ndiyo."

"Mawee." Aliweka viganja usoni. Kisha akaviondoa, akasimama, akafunga kitambaa cha kichwa vizuri. "Uniandike, chef. Jina yangu. Uandike minye."

Casimir alikuwa tayari ameketi mezani, kalamu mkononi. Aliandika polepole, na kwa kuwa alijua kwamba mama huyu alisoma kidogo tu, alisoma kwa sauti. "Chanzo: makala ya pasi, katika buanderie, chini ya kipima joto kilichowekwa na wajenzi mahali pasipofaa. Jaribio limefanywa mbele ya directeur. Hakuna kosa la mtu. Kihamishwe."

"Haukuandika kama tunalala."

"Sikuulizwa nani analala."

Hatua za mguu mzito zilisikika ngazini. Lambert alitia kichwa mlangoni, jasho usoni. "Taa ya tatu, chef! Iliwaka, kijana iko pale na pingu, directeur alibakia mudomo wazi. Amepiga simu ku camp ya jeshi. Lori haitoke. Banafungua Placide sasa hivi, na anaomba saa yake."

"Mupe. Na mwambie arekebishe, inakwenda mbele." Casimir alifunga daftari. "Muzee, nyuma ya kibanda chako kuna jiko la nje?"

"Iko."

"Mama Julie atapika pale. Humu hapana tena. Leo nimeandika pasi. Mara ya pili wataleta mtu mwingine, naye ataandika kila kitu: mama, mtoto, na jina la Philippe. Ninyi wawili mnajua jina lile likiandikwa linaenda wapi."

"Nitapika pale," Émérence alisema. "Lakini saa ileile, chef. Unaelewa? Mu saa saba, mu usiku, mu alfajiri. Siwezi kugeuza. Nikigeuza, akute nini?"

Casimir alivaa kofia yake. Akatoka uani.

Bukari ilisongwa palepale nje, kwenye makala yaliyobaki, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikapashwa. Émérence alipakua sahani ndogo, akapakua ya kawaida, akapakua ile kubwa ya buluu na kuifunika kwa mfuniko wa sufuria. Bomba la moshi la kiwanda lilikuwa limesimama juu ya mabati, na king'ora cha saa nane kilianza chini, kikapanda, kikakaa muda mrefu juu ya mji mzima. Mlango na dirisha la buanderie vilikuwa wazi, barabara ikaonekana mpaka uani. Lori ya wafanyakazi ilisimama barabarani, wanaume sita wakaruka chini na makopo yao ya chakula, wakatawanyika, mmoja akainua mkono upande wa home bila kutazama. Lori iliondoka. Vumbi lilitulia.

Émérence alikuwa bado amesimama, kijiko mkononi.

Julie aliteremka kwenye ndoo yake, akavuta sahani ya buluu karibu, akaondoa mfuniko kwa mikono miwili, mvuke ukampanda usoni.

"Mama," alisema, "tukule tu, tata hatakuya."